Makosa: Sifuri

Risiti zilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti,
miaka mitatu ya studio ya Bwana Shekuwe, Langoni,
nyingine zimefifia hadi kubaki karatasi tupu zenye kiburi,
nyingine zimeandikwa nyuma ya pakiti ya sigara:
punda wawili, gatini mpaka studio, spika, mia sita.

Punda hatoi risiti. Nilimwandikia.

Nikazipanga: tarehe, maelezo, aina, kiasi, msanii.
Betri. Nauli ya boti hadi Mokowe.
Mafuta ya jenereta, usiku ule stima ilipokatika
katikati ya kasida, na mwimbaji akaendelea gizani
kwa kuwa hakuna aliyemwambia mashine imezima.
Nyuzi za udi kutoka Mombasa.
Kahawa na visheti vya wapiga kofi,
wanane kwenye risiti; kwenye kanda nasikia sita.

Programu ya mirabaha tunailipia kila mwezi.
Haijui salamu. Inataka mwezi utangulie siku,
hivyo tarehe nne ya Julai
ikawa tarehe saba ya Aprili, nayo ikanyamaza,
mpaka ilipofika kumi na tatu ndipo ikagoma:
mwezi wa kumi na tatu haupo.
Siku mbili nikigeuza tarehe
kama anayegeuza samaki asiungue upande mmoja.

Ikabaki safu ya mwisho: Ikatwe kwa msanii?
Nikaandika Ndiyo kwenye mstari wa kwanza,
nikaishika pembe yake, nikaivuta chini.
Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo,
mara mia sita na kumi na mbili,
na mkono wangu haukuchoka hata kidogo.

Kisha zote kwa mkupuo mmoja.
Mistari 612 imepokelewa. Makosa: 0.

Nikajipikia chai ya tangawizi. Nikajiona fundi.

Jioni nikafungua akaunti ya marehemu Famau Bunu.
Udi wake bado unapigwa harusini, bado redioni,
robo hii umeleta elfu tisa na mia nne.
Chini yake, kwa wino mwekundu:
hasi elfu mbili mia mbili na hamsini.

Nikashuka na kidole.
Jenereta. Punda. Nyuzi.
Mstari wa 411: kitambaa cheupe, kafuri, ubani, 4,200.

Siku ile naikumbuka. Bwana Shekuwe alifungua droo,
akatoa pesa, hakumwambia mtu.
Risiti akaitia mkebeni kwa mazoea tu,
yeye hana moyo wa kutupa karatasi.
Na mimi, kwa kuvuta pembe ya neno moja,
nimemuuzia maiti sanda yake
kwa nyuzi alizozipiga mwenyewe.

Tendua.
Kilichoingia kwa fungu hutoka kwa fungu;
mia sita na kumi na mbili zikarudi mikononi mwangu.
Nikaanza upya, mmoja mmoja, hadi muadhini wa alfajiri.
Punda: La, spika zilikuwa zetu.
Kahawa: La, nani humkata mtu heshima?
Jenereta: nikakaa sana hapo. La.
Nyuzi za udi: Ndiyo. Alizikata kwa hasira,
na angekuwa hai tungebishana mpaka adhuhuri.
Mstari wa 411, kwenye aina ya gharama,
nikaandika: sadaka.

Mistari 611 imepokelewa. Makosa: 1.
Aina "sadaka" haitambuliki.

Sikuisahihisha.

Alhamisi alikuja Bi Barka, mjane wake,
akaketi ukingoni mwa kiti, mkoba ndani ya buibui.
"Yeo pana kitu, mwanangu?"
Nikamhesabia elfu saba mia tano na hamsini.
Akazihesabu mara mbili, akalowesha kidole, mara ya tatu,
akaniuliza kwa nini hazikutimia elfu nane.