Zamu ya Usiku, Kituo cha Makupa

Saa nane. Napiga mstari kwa rula.
Juu yake: kitambulisho kimepotea, Kongowea sokoni.
Juu zaidi: mbuzi wawili, mmoja kiguru.
Kalamu ya serikali imefungwa uzi
kama mshukiwa.

Babu naye alikuwa askari.
Tarbushi nyekundu, kaptura, miguu mitupu;
viatu vilikuwa vya mzungu.
Makuli walipogoma bandarini akapewa rungu,
akaambiwa: piga.
Wa tatu kwenye safu alikuwa shemeji yake.

Kwetu hakuna anayesimulia alifanya nini.
Ila harusini, mpaka leo,
upande ule hawagusi pilau yetu.

Anaingia mzee, kanzu imerowa mvua.
Kaibiwa dele la kahawa, na jiko lake, na makaa.
“Jina?”
Analitaja. La upande ule.
Anasoma kibandiko kifuani pangu, herufi kwa herufi:
Koplo Nyamvula Mwachiti.
Kisha anatazama viatu vyangu.

Namsogezea kiti changu,
ndicho pekee chenye miguu minne.
Naandika nimesimama.

“Taratibu,” anasema, “usiitoboe karatasi.
Nyinyi mna mikono mizito.”