Kanuni ya Mashahidi Wawili

Chumba cha nyuma, Majengo, Moshi. Mvua ya Aprili
inapiga bati kama mtu anayehesabu na hajui kukoma.
Mezani madaftari manne yaliyonusurika mchwa,
kitabu cha ubatizo cha Machame, nilichoruhusiwa kunakili kwa penseli tu,
vipande vya kazi vya shamba la mkonge,
na chemli, maana umeme umekatika tangu saa tisa.

Natafuta mabao.
Mabao ya Kombe la Gunia, mwaka thelathini na nane hadi hamsini na mmoja:
Reli, Mkonge, Kahawa, Hospitali, na wale Wapishi
waliocheza Jumapili jioni tu, vyombo vya mabwana vikishaoshwa.
Gazeti la enzi hiyo lilimtaja hata mbwa
wa Bwana Shauri, aliyeshinda utepe.
Juu ya fainali yetu, mstari mmoja:
"Waafrika nao walicheza. Mvua ilinyesha."
Mvua ikapata jina lake gazetini. Wao, hapana.

Kwa hiyo nikajiwekea kanuni:
bao lisilo na mashahidi wawili si bao.

Kuna Filipo wa kitabu cha ubatizo.
Kuna Namba 417 wa kipande.
Kuna "Radi" wa daftari la Senzota, karani wa mizani,
aliyeandika mabao ukurasa mmoja na kilo za kahawa.
Miezi minane niliwahesabu watu watatu.
Kisha nikaona 417 amekatwa posho kila Jumatatu
iliyofuata Radi kucheza ugenini Arusha,
na Filipo alipeleka mapacha kubatizwa
Jumapili ile ile Radi hakuonekana uwanjani.
Watatu wakawa mmoja. Mabao arobaini na moja,
karibu yote ya mguu wa kushoto.

Binti yake, Ndeshukurwa, anauza ndizi Kiboriloni.
Nilimpelekea hesabu. Akaikunja karatasi mara nne.
"Baba alifunga sitini. Sitini, kila mtu anajua."
Nikamweleza: kumi na tisa ni ya Radi mwingine,
kijana wa Hospitali, mfupi, aliyerithi lile jina.
Akanifungia mkungu mdogo. Pesa hakupokea,
wala hakunitazama.

Pembeni mwa hesabu za kilo, Senzota aliandika:

    Bao likiwa hewani
    tu wamoja uwanjani
    likishatua wavuni
    kila mtu ana lake.

Sasa Aprili ya arobaini na tisa, Reli na Wapishi.
Golini mwa Reli: Mbonea.
Huyo ni baba yangu.
Kwetu tulikua tukijua hajapata kufungwa zaidi ya mawili;
tulilishwa hilo pamoja na makande.
Senzota, kwa wino uliokolea: 7.

Shahidi mmoja tu. Kanuni ni yangu,
na usiku huu imenipenda.
Ningeacha kisanduku kitupu, nizime chemli, nilale.

Nikafungua faili la Reli, la malalamiko.
Mwandiko unaolalia kushoto, kama alivyolalia yeye
kizingiti cha mlango akivaa soksi:

"Bwana Stesheni Masta, naomba viatu. Juzi tulifungwa saba.
Nilisimama peku, matope yakanifika magotini,
na mpira ulilowa ukawa mzito kama jiwe la kusagia.
Posho sidai. Viatu tu. Ni mimi, Mbonea."

Chini yake, wino mwekundu: Hapana.

Basi wako wawili, na wa pili ni mwenyewe.
Naandika saba.
Kwenye safu ya maelezo, ambayo sijawahi kumjazia mchezaji yeyote,
naandika: peku.

Kisha nasita, kalamu juu.
Narudi ukurasa wa kwanza, kwa Filipo, kwa kijana wa Hospitali,
kwa Wapishi wote kumi na mmoja,
maana miaka yote hii
sikuuliza walivaa nini.