Nyuzi Zilizopishana

Kompyuta ya babu haijawahi kusikia habari za mtandao.
Aliinunua Kutaisi mwaka umeme ulipokuwa mgeni,
unaingia saa mbili, unaondoka bila kuaga.
Tundu la flashi haina. Mdomo wa disketi
una vumbi na njiti ya kiberiti
(niliitia mimi, nilikuwa na miaka minne).

Basi nimechongesha waya kwa Zurab, fundi wa redio:
pini tisa huku, pini tisa kule,
na katikati nyuzi mbili zimepishana.
Pa kusemea hii ndipo pa kusikilizia ile.
"Usipozipisha," alisema, akipuliza risasi iliyoyeyuka,
"zote zitasema, hakuna wa kusikiliza."
Bibi Pelagia akacheka peke yake.
Miaka arobaini na mmoja na Varlam. Hakuongeza neno.

Sasa ziko mezani: moja nene, ya njano kama jino la mvuta tumbaku,
nyingine nyembamba kama sinia.
Hii mpya nimeipunguza mwendo.
Imezoea kubugia; leo inalishwa kwa kijiko.
Asilimia tatu. Nne.
Bibi amevunja jozi bakuli zima.
Haba na haba, tukasema,
na kwenye hamsini na tisa taa zikazimika,
kibaba kikamwagika chote.
Sifuri. Tena.

Saa saba usiku faili ya mwisho ikaingia.
Naifungua: si Kijojia.
Mabano, alama za dola, w kubwa, w ndogo,
maana enzi zile herufi zetu hazikuwa na kwao,
kila fundi alizilaza kwenye vitanda vya wageni.
Bibi akavaa miwani, akashika penseli,
akaziamsha moja moja, thelathini na mbili.
Ya thelathini na tatu imetushinda. Tumeiachia pengo.

Alikuwa akitegemea barua.
Ni kina cha mto Rioni, kila alfajiri, kwa sentimita.

Machi 9. 212. Tope.
Machi 10. 230. P. anakohoa.
Machi 11. 226. P. hakula.

Kisha wiki tatu, mto peke yake.

Aprili 2. 190. Maji safi. P. ameimba jikoni.

"Niliimba nini?"
Hakuniuliza mimi. Aliigeukia ile ya njano,
ambayo feni yake ilikuwa bado inazunguka,
nami nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuizima.