Stakabadhi ya Kumi na Saba

Bahasha imefika ikinuka moshi wa samadi.
Kokbulak, bonde la juu huko Naryn,
shule ya vyumba vinne, watoto thelathini na wanane,
mwalimu Gulbara Toktosunova.
Mradi: Elimu ya Uraia. Muda: msimu mmoja wa baridi.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
na daftari ndiye mimi,
ghorofa ya tatu, Bishkek, juu ya duka la viatu,
miaka kumi na tisa nikiitafutia kila som karatasi yake.

Ya kwanza: chaki, gundi, madaftari ya mirabaraba.
Ya nne: kufuli dogo la sanduku la kura.
(Sanduku lenyewe lilikuwa la biskuti, halikugharimu kitu.)
Ya tisa: mafuta ya gari, kwenda na kurudi barazani,
kilomita arobaini na moja za theluji.
Ya kumi na mbili: fundi cherehani, kushona suruali ya Nurtilek.
Hiyo niliikata kwa wino mwekundu.
Suruali si uraia.

Kisha nikasoma ripoti, maana ripoti husomwa mwisho,
tumbo limeshiba na hesabu zimekwisha kukubali.
Walichagua mwenyekiti wao. Aiperi alishinda kwa kura mbili.
Aliyeshindwa alijifungia stoo ya makaa akalia,
akatoka na uso mweusi, akampa mkono.
Wakaenda barazani kuuliza habari za daraja,
lile lililokarabatiwa mara mbili vitabuni
na mtoni hata mara moja.
Bwana mkubwa alicheka. Akaagiza chai, akawagawia pipi.
Wakala pipi.
Wakauliza tena.

Daraja bado ni lile lile, nisikudanganye.
Mbao tatu hazipo, ng'ombe huvushwa mmoja mmoja.
Ila karatasi ya bajeti sasa imebandikwa mlangoni pa baraza,
na watu, wameandika, hushuka farasini kuisoma.

Ya kumi na saba haikuwa stakabadhi.
Ilikuwa karatasi ya mirabaraba, kila herufi ndani ya chumba chake:

*Kwa Mhasibu.
Tumefundishwa kwamba fedha ya umma ina wenyewe.
Mkataba, ukurasa wa pili, unasema mradi wetu
ni som laki moja na elfu ishirini.
Zilizotufikia ni elfu themanini.
Stakabadhi zetu mnazo. Tunaomba kuziona zenu.
Begimai Sadyrova, darasa la sita, Kamati ya Hesabu.
Tena: suruali ilichanika Nurtilek alipoingia
chini ya daraja kuhesabu misumari.*

Miaka kumi na tisa.
Nimeulizwa na wafadhili kwa lugha tatu,
nimeulizwa na wakaguzi wa suti za kijivu;
swali halijawahi kunijia kutoka upande ule.

Nikafungua kabati la chini.
Hoteli, siku mbili: warsha ya Kuwafikia Walio Mbali.
Zulia. Maua ya meza. Chupa za maji, mia mbili,
na Kokbulak wanapasua barafu ndipo wachote.
Na sahihi, kila ukurasa, nadhifu, isiyotetemeka,
ilikuwa yangu.

Mkurugenzi alicheka.
Akaniambia niketi, akanimiminia chai,
akasogeza kibakuli cha pipi.
Nikala moja. Ilikuwa ya limau.
Nikauliza tena.

Jibu bado nalingoja. Huenda likaja na barua ya kuniaga.
Usiku huu nimebaki na mashine ya nakala,
inakohoa karatasi moja moja, zulia, maua, maji,
na bahasha ya kwenda Kokbulak inanenepa.
Kwenye ile ya kumi na mbili, pembeni ya wino mwekundu,
nimeandika kwa bluu: *Imekubaliwa.*
Halafu nikakumbuka kwamba fundi
hakuwa ameandika bei ya uzi.
Nimeiongeza.