Asilimia Sita

Nyumba ya mama, Pongwe, haikusimama. Ilipumua.
Masika mlango wa mbele ulikataa kufunguka,
tukapitisha sinia la futari dirishani.
Kiangazi ukuta ukajiachia:
mwanzo ufani uliingia wembe,
kisha sarafu ya shilingi mia,
na mwaka aliofariki baba kikaingia kitana kizima.
Mama akakunja risiti za marehemu, za shamba la mkonge,
akazichomeka humo. Kabati, akasema, limejileta.

Tuliziba. Mungu anajua tuliziba.
Fundi Semkiwa alikuja na saruji mara nne,
mara nne akala wali wa nazi, akalipwa,
na ukuta tukajenga vilevile.
Methali inataja ufa. Haitaji udongo.

Basi nikaenda kuusomea.
Niliuchimba nyuma ya jiko, kina cha kimo changu:
mweusi, unang'aa palipopita jembe,
unanata kwenye ndala kama deni.
Maabara nikauviringisha juu ya kioo
ukawa uzi, mwembamba kama tambi za Idi,
ukakubali, ukakubali, haukukatika.
Udongo mtiifu namna hiyo usiuamini.
Maji yakija unayameza yote, unavimba;
yakiondoka unanywea, na aliye juu yake
ndiye anayepasuka.

Nikampigia mama. "Tunabomoa. Tutachanganya chokaa."
"Ya tambuu?"
"Ndugu yake. Ya tanuru, kwa magunia."
"Kiasi gani?"
"Asilimia sita."
Kimya. Nikamsikia akitafuna.
"Ikizidi inaunguza ulimi," akasema. "Ikipungua, unakula majani."
Mimi shahada yangu iko kwenye fremu.
Yake iko kwenye kidole.

Tulichanganya Jumatatu, vitambaa puani, glavu hadi viwikoni,
Nyamvula akinyunyiza maji kwa debe la matundu.
Chokaa isiyozimwa ikafoka, mvuke ukapanda,
kuku wakahamia kwa jirani.
Nikasema: usishindiliwe leo, uacheni ulale siku mbili.
Semkiwa akaguna. Ulale kwa posho ya nani?

Jumatano alfajiri nikashuka shimoni na tochi.
Nikaushika: chenga, chenga tupu,
haukuniganda hata kuchani.
Nikauviringisha juu ya kigae.
Ukakatika.
Nikaketi palepale kwenye tope lisilo tope tena
nikacheka kama niliyefumaniwa.

Tukashindilia, tabaka kwa tabaka,
Semkiwa akihesabu mapigo kwa Kibondei
na kukosea makusudi ili apumzike.

Masika mbili zimepita. Mlango unasukumwa kwa kidole.
Juzi nikamkuta mama anazunguka kuta zote,
kitana mkono huu, risiti mkono ule,
anapapasa plasta kama anayetafuta mshipa.
"Nyumba nzuri," akasema. "Ila haina pa kuwekea kitu."

Nikampigilia msumari.
Mmoja tu. Nilipiga polepole,
nikisikiliza.