Nyumba Kumi

Daftari hili aliliacha marehemu Kibwana:
kava la kijani, kurasa tisini na sita,
na juu, kwa kalamu ya bluu, NYUMBA KUMI.
Na kumi kweli zilikuwa. Nazitaja hata usingizini:
kwa Mwanamkasi, kwa Pazi mchoma mkaa,
kwa yule fundi baiskeli asiyemaliza kazi;
kati ya nyumba na nyumba mikorosho,
na usiku, kutoka msitu wa Pande, fisi
wakicheka kama wageni walioshiba.

Mabwepande hii. Zamani tukisema "nakwenda Dar"
tulifunga safari, tukabeba na viazi vya njiani.
Sasa Dar imekuja yenyewe. Haikubisha hodi.

Ukurasa wa tatu ni wa watu wa mafuriko.
Malori yaliwashusha na magodoro yanayonuka tope.
Kibwana akamuuliza mmoja, "Mko wangapi?"
Akajibu, "Jana tulikuwa saba."
Kibwana akaacha mstari mtupu.
Upo hadi leo.

Kisha wakaja madalali, na bikoni, na kamba.
Rweyongeza, ametoka Muleba, mke na kuku kumi na mmoja.
Mwakalobo, ametoka Tukuyu, watoto watano, wa sita njiani.
Nyanzala, ametoka Shinyanga, peke yake, cherehani moja.
Ilipofika nyumba ya kumi na moja nilisita kidogo,
kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi.
Leo ni mia mbili na nne,
na bado naitwa balozi wa nyumba kumi.

Sitasema uongo: nilinung'unika.
Darasa la kwanza watoto mia na themanini,
wanaingia kwa zamu kama walinzi wa benki.
Kisimani madumu yanapanga foleni kabla ya adhana.
Nikamwambia Mwanamkasi, "Hawa watatumaliza."
Mwanamkasi, aliyeuza viwanja vitatu akaezeka bati,
akanitazama. "Na mchicha wako, shoga,
siku hizi unaisha saa ngapi?"
Saa tatu. Zamani nilirudi nao, nikala mwenyewe.

Mwezi wa saba akaja Mama Safi na mabinti wawili.
"Mama, maji iko fasi gani?"
Fasi.
Kibwana alifanya kazi reli miaka minane,
nimeishi Kigoma, nimezaa Kigoma.
Kigoma hawasemi fasi.
Nikamuuliza, "Umetoka wapi?"
Akaangalia miguu ya wanawe. "Kigoma."
Nikaandika: Kigoma. Herufi zikapinda kidogo.

Bwana wa Uhamiaji alikuja na pikipiki, saa ya jua kali.
"Balozi, humu kuna wageni?"
"Wapo, baba. Ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho."
Akafungua. Kibwana, ametoka Utete.
Mkewe, yaani mimi, ametoka Mkuranga.
Akapekua, akapekua, kidole kikashuka mstari kwa mstari,
kikafika pale penye herufi zilizopinda, kikasimama.
"Nawe mwanangu, kwenu wapi?"
"Ngara," akasema. "Lakini nimejenga Bunju."
Binti wa Mama Safi alimletea maji ya kunywa.
Akanywa. Akasema asante. Akasema atarudi.
Hajarudi.
Kila pikipiki ikipita, nazima redio nisikilize.

Na daftari limejaa.
Jana usiku Nyanzala amejifungua, mtoto wa kike,
baba hakutajwa nami sikuuliza.
Nimemwandika nyuma ya kava,
palepale penye jedwali la kuzidisha,
kati ya saba mara nane na saba mara tisa,
jina bado, uzito kilo tatu na nusu.
Ikabaki safu moja: Ametoka wapi.
Nimekaa na kalamu mkononi, wino unanikaukia.
Nje mtu anachanganya zege gizani,
chepe linakwaruza, linatulia, linakwaruza.
Fisi sijawasikia tangu masika ya mwaka juzi.