Niendelee? Ndiyo au Hapana

Kompyuta tatu ghala la dawa, hapa Wete,
kila moja ililetwa na mradi wake,
na kila mradi ukaondoka na ufunguo wake.

Ya dirishani, msimamizi wake wa vifurushi ni mtu wa daftari.
Ukimtuma kimoja hukusomea orodha kwanza:
hiki chategemea kile, kile hakikai bila ya chengine,
jumla kumi na saba, megabaiti mia na arubaini. Niendelee?
Huchelewa. Huleta kitu cha mwaka juzi.
Lakini kikija, kimeshaonjwa chumvi.

Ya Shaame, kule pembeni, haitaki kilicholala.
Kila asubuhi mpya, mpya, mpya,
na Shaame hucheka kama aliyewahi samaki sokoni.

Ya tatu haiombi kwa jirani:
kila programu huja na sufuria lake, kinu chake, mchi wake.
Hazigombani. Ila juzi nilihesabu
vinu tisa vya namna moja,
na diski haina pa kuweka sindano.

Mie na Shaame tumebishana haya tangu Ramadhani.
"Sasa bora ipi?" Bi Raya alituuliza siku anastaafu,
kipande cha keki mkononi.
Tukamjibu sote kwa pamoja. Hakufahamu hata neno.

Jumanne usiku Shaame akasasisha.
Vifurushi vyake vikakila kifurushi changu,
giga mbili za wiki,
mpaka simu ikalia: Ndugu mteja, umemaliza.
Kazi ikasimama nusu ya njia.
Orodha ya dawa inataka maktaba toleo la tatu,
printa ya lebo inataka la pili,
na la pili keshalifuta.

Asubuhi watu arubaini barazani. Dawa zipo.
Lebo hazitoki.

Bi Raya alikuja kwa miguu kutoka Limbani
na kalamu mbili na chupa ya gundi.
Akaandika mpaka adhuhuri:
kutwa mara tatu, baada ya chakula,
mtoto asipewe,
herufi zimelala upande kama zinasikiliza.
Hakuuliza nani kakosa.
Alisema tu, akipuliza wino ukauke,
"Kwani lile la zamani hamkuliweka akiba?"
Shaame akatizama viatu vyake.

Jioni, kwa kifurushi cha kuazima, nikarudi dirishani.
Yule wa daftari akanisomea taratibu:
Vifuatavyo viliwekwa kwa ajili ya vyengine
na sasa havitegemewi na yeyote.
Viondoshwe?

"Bonyeza ndiyo," Shaame akasema, "vinakula nafasi bure."
Kalamu moja ya Bi Raya ilikuwa bado mezani,
wazi, inakauka.
Nikaandika H.
Halafu nikainama chini ya meza
kutafuta kifuniko.